Mwanga Unavyofichua Mafuta Hatari Ndani ya Mishipa ya Moyo

Watu wengi huamini kwamba mshtuko wa moyo hutokea mafuta yanapoziba mshipa polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi damu ikakosa njia. Lakini mara nyingi mshipa huziba kwa dakika chache tu, na huenda haukuwa umebana sana hapo awali.

Kolesteroli hujikusanya kwenye ukuta wa mshipa na kufanya uvimbe unaoitwa plaki. Juu yake mwili hujenga kifuniko cha nyuzi ngumu. Kifuniko kikiwa kinene, plaki inaweza kukaa miaka mingi bila kuleta madhara ya ghafla. Kikiwa chembamba, huweza kupasuka. Mafuta yakigusana na damu, damu huganda na kuziba mshipa.

Kifuniko chembamba ni kipi?

Hadubini ndiyo iliyotoa jibu. Mwaka 1997, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 113 waliokuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo na kufariki ghafla. Takriban vifuniko vyote vilivyopasuka vilikuwa na unene wa chini ya mikromita 65. Milimita moja ina mikromita 1,000.

Kumchunguza mgonjwa aliye hai

Hadubini ya maabara huhitaji kipande cha mshipa kilichotolewa mwilini. Kwa mgonjwa aliye hai, madaktari bingwa wa moyo hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye mishipa ya moyo. Damu husukumwa kando kwa sekunde chache kwa kutumia kimiminika maalum, kwa sababu chembe nyekundu hutawanya mwanga. Mrija hutoa miale isiyoonekana kwa macho, na kompyuta hugeuza mwanga unaorudi kuwa picha inayoonyesha unene wa kifuniko. Hata hivyo, mwanga huo hupenya ukuta kwa milimita 1 hadi 2 tu.

Kipimo hiki si cha kila mtu. Hufanywa katika hospitali zenye vifaa maalum, mara nyingi mgonjwa anapowekewa stenti ya kupanua mshipa.

Mkazi afanye nini?

Utafiti huo wa 1997 ulihusisha kupasuka kwa plaki na kolesteroli, na kuganda kwa damu na uvutaji wa sigara. Kwa hivyo kinga huanzia nyumbani. Wakazi wanahimizwa kuacha sigara, kupunguza chumvi na vyakula vya kukaangwa, kufanya mazoezi, na kupimwa shinikizo la damu na sukari katika zahanati iliyo karibu. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia nafuu.

Mtu akihisi kifua kinabana, maumivu yakienea mkononi au kwenye taya, akitokwa na jasho au kukosa pumzi, afikishwe hospitalini mara moja. Asisubiri kupambazuke.