Shamba Linaloshuka Hadi Mtoni: Siku ya Mpimaji Kianjokoma

Ukifika Kianjokoma asubuhi ya Julai, utakuta ukungu bado umelala mabondeni na majani ya chai yanachuruzika maji kana kwamba mvua ilinyesha usiku kucha. Kwa mchumaji chai hiyo ni asubuhi kama nyingine. Kwa mpimaji ardhi ni asubuhi ya kungoja. Darubini imeshika unyevu, fimbo ya prizimu haionekani hata hatua hamsini mbele, na familia iliyomwita imekwisha kusimama kando ya barabara, kila mtu na hesabu yake ya ekari kichwani.

Mimi ni fundi wa upimaji. Nabeba mashine na miguu yake mitatu, nafyeka njia kwa panga, nashika fimbo, naandika vipimo. Atiaye sahihi ni sorovea mwenye leseni, na yeye ndiye atakayeulizwa kosa likitokea. Lakini mwenye nyumba humwuliza yule anayemwona akipanda na kushuka na matope hadi magotini. Swali ni lile lile kila mahali: mbona ekari zimepungua?

Jibu la swali hilo limo katika umbo la ardhi yenyewe. Huku Embu, kwenye ubavu wa Mlima Kenya, nchi imekatwakatwa na mito inayotoka mlimani: Rupingazi, Ena, Thuci na vijito visivyohesabika. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa kilima, na juu ya mgongo kuna barabara. Mashamba mengi ni mikanda mirefu inayoanzia barabarani na kuteremka moja kwa moja hadi majini. Mpango huo ulikuwa na busara yake. Zamani mtu alikuwa na vipande vilivyotawanyika, kimoja mgongo huu, kingine ng'ambo ya mto. Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo na ardhi, ulipoanza kutekelezwa, na baadaye baada ya uhuru, vipande hivyo vilikusanywa, na mtu akapewa shamba moja mahali pamoja. Kwa kukatwa kama mkanda, kila boma lilipata njia juu na maji chini.

Leo mkanda huo unagawanywa tena, na kila mrithi anataka mguu mmoja barabarani na mwingine mtoni. Chukua shamba la upana wa mita 30 na urefu wa mita 300. Hilo ni hekta 0.9, yaani ekari mbili na kidogo. Wagawie watoto watatu, na kila mmoja ana upana wa mita 10. Nyumba ikisimama hapo, nafasi iliyobaki ubavuni ni ya kupitisha toroli. Nimewahi kupima mikanda ambayo mistari miwili ya chai iliijaza yote, na mwenyewe akauliza kama jirani atamruhusu kupita akienda kuchuma chai yake mwenyewe.

Sasa njoo kwenye mteremko. Mtu akipima shamba lake kwa hatua, au kwa kulaza kamba juu ya udongo, anapima ngozi ya kilima. Hati ya ardhi haihesabu ngozi hiyo. Inahesabu ardhi kama ambavyo ndege wa angani angeiona, imelala bapa. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, kamba ya mita 50 iliyolazwa chini inatoa mita 43.3 tu za mlalo. Mita karibu saba zimetoweka, na hakuna mtu aliyeziiba. Kabla ya mashine za kisasa, mafundi walishuka kwa vipande vifupi: mmoja anashika kamba chini ardhini upande wa juu, mwenzake anainyoosha sawasawa hewani upande wa chini, wanaiweka usawa kwa pima maji, timazi inaangushwa kutoka mwisho wake, kigingi kinapigwa pale ncha ilipogusa. Kisha wanahamia ngazi inayofuata. Mita 300 za namna hiyo zilichukua nusu siku. Siku hizi mashine hupima pembe na umbali kwa pamoja na kutoa jibu la mlalo papo hapo. Hesabu haikubadilika.

Kuna bibi mmoja, cucu wa umri mkubwa, niliyemweleza jambo hili bila kufanikiwa. Nikachukua kanga yake iliyokuwa begani, nikaitandaza juu ya meza ya chai, yaani vichwa vya michai vilivyokatwa sawasawa, iliyoinama na mteremko, kisha nikaishika hewani ikiwa imelala bapa, ukingo wa juu ukigusa mahali pale pale. Ukingo wa chini ukapita mashina ulipoishia mwanzo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe jembe langu linalima zaidi ya karatasi." Tangu hapo hufanya hivyo kila ninapoweza, maana mwenye shamba anayeielewa hesabu hawezi kudanganywa na mtu yeyote, hata mpimaji.

Tatizo la pili ni ramani. Mipaka ya mashamba mengi ya nyanda hizi haikupimwa kwa mashine kona baada ya kona. Wenye mashamba walitakiwa kupanda ua kwenye mpaka. Ua ulipokua, ndege ilipita juu na kupiga picha, na ramani zikachorwa kutokana na picha zilizokuzwa. Kwenye tambarare njia hiyo hufanya kazi vizuri. Kwenye milima ina kasoro kubwa: kilichoinuka kiko karibu zaidi na kamera, kwa hiyo huonekana kikubwa. Tuseme ndege iko mita 3,000 juu ya bonde, na mgongo umeinuka mita 150 kutoka bonde hilo. Shamba la juu litatokea likiwa na urefu wa ziada wa takriban asilimia 5 kwenye picha isiyorekebishwa, na eneo la ziada la takriban asilimia 11. Majirani wawili wenye mashamba sawa wanaweza kuwa na hati zisizo sawa, na hakuna aliyehonga mtu.

Sheria inalijua hilo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema kwamba isipokuwa pale mpaka uliponakiliwa kwa vipimo kamili, ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Mgogoro wa mpaka wa aina hiyo huanza kwa Msajili wa Ardhi, naye huenda shambani na wapimaji. Mahakama haiupokei kabla ya hapo. Ndiyo maana ua wa zamani una thamani kuliko wengi wanavyodhani. Akikata mtu ua wa miaka hamsini ili apate safu moja zaidi ya kahawa, ameondoa ushahidi ambao ramani peke yake haiwezi kuurudisha. Kung'oa alama ya mpaka kwa makusudi ni kosa la jinai.

Vijana huniuliza kwa nini tusitumie GPS na kumaliza. Tunaitumia. Lakini bonde la huku huficha nusu ya anga, na mikima, miti mirefu iliyopandwa mpakani, huziba iliyobaki. Mawimbi ya setelaiti hugonga shina na ukingo wa mlima kabla ya kufika kwenye kipokezi, na nambari zinaanza kucheza. Mawasiliano ya redio na kituo kilichowekwa juu barabarani hukatika mara unapopita kona ya kilima. Basi tunaweka alama mbili mahali palipo wazi, kisha tunashuka kwa mashine ya miguu mitatu, tukivizia mwanya kati ya matawi. Chai haikatwi. Nainua fimbo juu ya meza ya chai na kupita kwenye njia za wachumaji, kwa sababu shina moja la chai ni mapato ya mtu kwa miaka mingi.

Kuna jambo la tatu, nalo halitatuliwi na mashine. Ardhi ya kilimo haigawanywi kihalali bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na baada ya hapo fomu ya mgawanyo huwasilishwa ili ramani irekebishwe. Hata hivyo mara nyingi tunaitwa wakati mzee amekwisha fariki, wana wamekwisha kugawana kwa midomo, na binti aliyeolewa ng'ambo ya mto hajaambiwa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haitofautishi mwana na binti. Tumewahi kulazimika kung'oa vigingi na kurudi nyumbani, siku nzima imekwenda, kwa sababu dada alifika saa nane akiwa na haki yake mkononi.

Basi mnaogawana mashamba haya ya mteremko, msimwachie kaka mkubwa peke yake siku ya kupima. Mwiteni mpimaji mzazi akiwa hai na ana akili zake. Waleteni majirani wa pande zote mbili, waleteni mabinti, na mshuke wote hadi mtoni, kigingi kwa kigingi, huku kila mmoja akiona kinapopigwa. Ua wa zamani mwuache umesimama.