Wiki ya Pili ya Kidonge

Mama yangu mdogo, mzaliwa wa Unguja anayeishi Wattaya, mtaa wa Maskati, Oman, hakuwahi kusema ana ugonjwa wa akili. Alisema moyo wake mzito. Alisema usingizi unamkatikia saa nane za usiku, na akila haonji ladha. Vikao vya jioni alivyokuwa akivipenda akaviacha kimoja kimoja, kisha tukamkuta analia juu ya msala na yeye mwenyewe hajui analilia nini. Sisi jamaa kila mtu alikuwa na jibu lake: huyu hasadi, huyu uzee, huyu kumkosa mume. Akafanyiwa kisomo, akanywa kombe, na vilimtuliza kwa siku chache. Mzigo ukarudi pale pale.

Wattaya iko kando ya barabara kuu ya Sultan Qaboos, kati ya Ruwi na Qurum, mbele maduka ya magari, nyuma majabali. Miongoni mwa wakaazi wake wako waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, na waliofuata baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango wa kurudi Oman. Kwa wazee wa umri wa mama mdogo Kiarabu ni cha ofisini, Kiingereza ni cha kwenye karatasi za hospitali, na Kiswahili ndicho wanachokiugulia.

Tulipompeleka hospitali, daktari alimuuliza kwa Kiarabu kama ana huzuni nyingi. Mama akajibu hapana, kwani huzuni kwake ni ya msiba, na msiba wa mumewe ulikwisha miaka mingi. Tanzania bara wataalamu huuita ugonjwa huu sonona, neno zuri la ukoo mmoja na kusononeka, ila huku wengi hawalitumii. Anachotafuta daktari si neno. Ni moyo kushuka au kukosa hamu ya kila kitu, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mambo kama usingizi kuvurugika, hamu ya kula kupotea au kuzidi, uchovu, kujilaumu, kushindwa kutuliza fikra, au kuwaza kifo. Mama mdogo alikuwa nayo karibu yote, ameyaeleza kwa lugha ya kifua na tumbo.

Akapewa setralini, miligramu 50, kidonge kimoja kwa siku. Hatukuambiwa zaidi ya hapo, na mpaka leo jambo hilo linaniuma. Siku ya nne akaanza kichefuchefu, kichwa kikamgonga, mikono ikamtetemeka kidogo na usingizi ukazidi kukimbia. "Mwanangu, dawa hii inanimaliza," akaniambia. Wiki ya pili akaiweka kabatini.

Laiti tungejua. Dawa za aina hii, setralini, fluoksetini na wenzake, huzuia chembe za neva zisiirudishe haraka kemikali iitwayo serotonini baada ya kuitoa. Kazi hiyo huanza saa chache tu baada ya kidonge cha mwanzo, ndiyo maana tumbo hulalamika mapema. Nafuu ya moyo huchukua wiki mbili mpaka sita, na wanasayansi bado wanajadiliana kwa nini. Ile kauli ya zamani kwamba sonona ni upungufu wa serotonini basi imeonekana kuwa nyepesi mno. Kwa hiyo mgonjwa hulipa kwanza, mali huja baadaye, na katikati yake ndipo wengi wanapoitupa dawa.

Je, inafaa kweli? Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21 za sonona kwa watu wazima. Zote zilishinda kidonge kitupu, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Kwa hivyo kidonge peke yake si kila kitu. Matibabu ya mazungumzo na mtaalamu yana nafasi yake, na sioni kwa nini kisomo kiachwe na anayekihitaji.

Tulipomrudisha, tulimkuta muuguzi anayesema Kiswahili. "Bi mkubwa, hebu nionyeshe dawa zako zote," akamwambia. Kwenye mkoba mlikuwa na vidonge vya presha na asprini. Hilo lilikuwa muhimu sana: setralini pamoja na asprini huongeza hatari ya kutoka damu, na kwa wazee setralini yenyewe inaweza kushusha chumvi mwilini, wakachanganyikiwa. Hata tramadoli ya maumivu inabidi itajwe kwa daktari. Daktari akaagiza damu ipimwe, akaanza upya na nusu ya kidonge kila siku kwa muda wa wiki moja, baada ya chakula.

Mama aliuliza wanachouliza wote: nitakuwa mtumwa wake? Muuguzi akamwambia haimfanyi mtu aitamani na kutaka kuzidisha, kama baadhi ya vidonge vya usingizi. Lakini ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu na mishtuko kama ya umeme kichwani, basi hupunguzwa kidogo kidogo, tena kwa kawaida baada ya miezi sita au zaidi tangu mtu kupata nafuu. Na Ramadhani? Kidonge ni kimoja kwa siku, daktari anaweza kukihamishia futari au daku.

Kwa vijana wa chini ya miaka 25 familia iwe macho zaidi wiki za mwanzo, maana fikra za kujidhuru zinaweza kuzidi. Mtu wa umri wowote akisema anataka kufa, apelekwe hospitali siku ile ile. Kwa matibabu ya akili ya kina zaidi ipo hospitali ya serikali ya Al Masarra, kule Al Amerat, ng'ambo ya majabali ya Wadi Adai. Jina lake maana yake furaha.

Wiki ya tano mama mdogo alilala mpaka adhana ya alfajiri. Wiki ya saba aliuliza harusi ya Alhamisi ni ya nani. Kijiboksi cha dawa sasa kinakaa karibu na birika la chai, na juu yake mjukuu wake amebandika karatasi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa bibi yake chuoni Unguja: kimoja asubuhi, baada ya chai, usiache mwenyewe.