Sahani Ndogo ya Mwenzetu

 

Katika Injili ya Marko, sura ya tano, imo habari ya binti Yairo. Msichana yule alikuwa amekwisha kuliliwa. Bwana akamshika mkono, naye akasimama akatembea. Watu wakastaajabu mno, na katika kustaajabu kwao yaelekea hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto ana njaa. Bwana ndiye aliyekumbuka, akaagiza apewe chakula. Kazi kubwa ilikuwa imekwisha kwa dakika chache. Iliyobaki ilikuwa kazi ya jikoni, nayo akawaachia watu wa nyumbani.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Dada mmoja wa kanisa letu, mkaaji wa Umoja, alikuwa amepasuliwa tumbo hospitalini ili apunguze uzito. Katika wiki ya nne tukaenda kumtazama kama ilivyo desturi yetu: sisi wahudumu, na akina mama wapatao kumi, na vyombo vya chakula vimefungwa kwa leso. Palikuwa na pilau, chapati, kuku na kreti ya soda. Akatuambia kwa upole kwamba bado anatumia vyakula vilivyopondwa, kijiko kimoja kimoja. Hatukusikia. Mama mmoja akamwambia, "Mwanangu, utakufa na njaa, kula hata kipande." Tukakiombea chakula, kisha tukamkazia macho mpaka akala. Hakufikisha robo ya chapati. Aliondoka mbio, tukamsikia chooni akitapika, na sisi tumekaa sebuleni tunatazamana, sahani mapajani. Mumewe hakusema neno. Alituletea maji ya kunawa, ikawa ndiyo kwaheri yetu.

Siku ile tulitambua kwamba tumekesha tukiombea operesheni tusiyoijua. Tukaenda kuwauliza wenye ujuzi, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Operesheni hii si ile ya kunyonya mafuta chini ya ngozi, kama wengi wetu tulivyodhani. Ni tumbo lenyewe, yaani ule mfuko unaopokea chakula, linalofanywa dogo. Ziko njia mbili zinazotumika zaidi. Katika ya kwanza, ambayo siku hizi ndiyo inayofanywa zaidi duniani, daktari hukata na kuondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko huo, akabakiza mfereji mwembamba mfano wa ndizi. Katika ya pili hutengwa kifuko kidogo, kiasi cha yai, juu kabisa ya tumbo, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, ili chakula kisipitie sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Njia hii ya pili ilianzishwa na daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966. Hapa Nairobi operesheni za namna hii hufanywa, zaidi katika hospitali za kibinafsi, na gharama yake ni malaki ya shilingi. Ndiyo sababu ya zile harambee.

Wako wanaosema, "Si angefunga tu?" Nasi tumepata kusema hivyo, tena madhabahuni. Lakini mwili uliozoea uzito mkubwa kwa miaka mingi huulinda uzito huo. Mtu akipunguza chakula, njaa huongezeka, na mwili huanza kutumia nguvu kwa ubahili, kama mama wa nyumbani aliyesikia kwamba mshahara utachelewa. Kiko kichocheo cha njaa kiitwacho ghrelini, ambacho hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya tumbo. Ile operesheni ya kwanza huiondoa sehemu hiyo, na kwa sababu hiyo wengi hushangaa, wakiamka asubuhi, kwamba njaa waliyoijua tangu utotoni imenyamaza. Ulafi ni dhambi, hatukatai. Lakini haupimwi kwa mizani.

Tena tusidhani ni shida ya wachache. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliopita kiasi, na miongoni mwa wanawake walikaribia 39. Hata hivyo si kila mnene anayestahili kisu. Kwa miaka mingi, tangu 1991, madaktari walifuata kipimo hiki: mama mwenye urefu wa sentimita 160, kwa mfano, alipaswa kuwa na kilo 102 hivi, au kilo 90 ikiwa tayari ana kisukari au ugonjwa mwingine uletwao na uzito. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya wapasuaji wa kazi hii vilikishusha kipimo hicho, hata hizo kilo 90 zikatosha bila ugonjwa.

Sasa tuje kwenye maisha ya baadaye, maana hapo ndipo sisi majirani tunapoingia.

Wiki mbili za kwanza mgonjwa hunywa tu. Kisha huja vyakula vya kupondwa vikawa laini kama vya mtoto, halafu vyakula vyororo, na karibu na mwezi wa pili hurudia chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Chapati na mkate ni katika vitu vya mwisho kukubaliwa na tumbo, kwa kuwa hugeuka donge. Chakula na kinywaji haviendi pamoja. Akisha kula hungoja kama nusu saa ndipo anywe. Fikirini basi taabu yake katika mitaa yetu, ambako chai bila mandazi huonekana kama kilio bila watu! Na soda, chai yenye sukari nyingi, au keki ya harusi huweza kuteremka utumboni kwa ghafula. Utumbo huvuta maji mengi, na mara mtu anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, anatetemeka, anatafuta mahali pa kulala. Ukimwona hivyo usiseme amerogwa. Ni sukari.

Tumbo likiwa dogo hivyo, kila kijiko chapaswa kuwa na faida. Huambiwa apate gramu 60 za protini kwa siku, au zaidi. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa 8. Kwa hiyo huanza na yai, ndengu, maharagwe, samaki au omena, ugali ukaja mwisho nafasi ikibaki. Tunaomjua kwa sahani yake ya zamani tunaona anachezea chakula. Kumbe anafanya hesabu.

Vitamini na madini ni vya maisha yote, na hapa pana jambo ambalo laumiza moyo wetu. Kwa harambee ya operesheni tulichanga tukapiga makofi. Lakini vidonge vya kila mwezi, na kupimwa damu baada ya miezi mitatu, sita, kumi na miwili, na kila mwaka baadaye, havina harambee. Mtu huanza kuruka siku moja, kisha wiki, kwa sababu ada ya shule imefika. Upungufu wa chuma na wa vitamini B12 hauumi mwanzoni. Huja polepole: uchovu, kizunguzungu, ganzi miguuni. Na kama anatapika siku baada ya siku, asiambiwe kwamba tumbo linazoea. Kutapika kwa namna hiyo huweza kummaliza vitamini B1, akapoteza nguvu za miguu, macho yakavurugika, hata akili ikachanganyika, na madhara mengine yasirudi nyuma. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mwenye homa, maumivu makali ya tumbo na moyo kwenda mbio katika wiki za kwanza. Huenda mshono unavuja.

Mambo mengine tutayataja upesi. Dawa za kisukari na za presha mara nyingi hupunguzwa baada ya operesheni, lakini na daktari. Anayeendelea na sindano ile ile ya kisukari huku hali chakula kile kile aweza kuzimia. Vidonge vya maumivu vya aina ya brufen, ambavyo kila duka la mtaa huviuza, huweza kuleta vidonda vya tumbo, hasa kwa waliofanyiwa njia ile ya pili. Pombe hupanda kichwani upesi kuliko zamani, na wako waliookoka na chakula wakanaswa na chupa. Wanawake huambiwa wangoje mwaka mmoja au mmoja na nusu kabla ya kupata mimba, na wajue kwamba mimba iliyokawia miaka mingi huweza kuja upesi uzito ukishuka. Akina mama waombeao ndoa zisizo na watoto, tafadhalini, msimharakishe.

Maendeleo yenyewe hayaendi kama reli. Miezi ya kwanza kilo huporomoka, na dada yetu alianza kununua nguo zake Gikomba, maana sketi ya Machi ilikuwa gunia ifikapo Juni. Baadaye mizani husimama wiki tatu, nne, isitikisike. Wako vijana wenye mizani kando ya njia wanaokupima kwa shilingi chache, naye alikuwa akisimama kwao kila jioni akishuka matatu, akirudi nyumbani ama akiimba ama akilia. Kupimwa mara moja kwa wiki kunatosha. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita nywele huanguka kwa wingi, na kwa kawaida huota tena. Ngozi hulegea mikononi na tumboni, nayo hairudi yote.

Halafu huja yale ya mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi. Nchini Uswidi, tangu mwaka 1987, madaktari wamewafuata watu kama 2,000 waliopasuliwa na wengine kama 2,000 wanene kama wao ambao hawakupasuliwa. Waliofanyiwa ile njia ya pili walipungua karibu theluthi ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili; kufikia mwaka wa kumi walikuwa wamebaki robo chini ya walipoanzia. Kwa mwenye kilo 120 ni kusema alishuka mpaka 82, kisha akarudi mpaka 90. Je, huyo ameanguka? Sisi twasema la. Katika taarifa yao ya mwaka 2007, baada ya miaka kumi na kidogo, walikuwa wamekufa watu 129 katika wale wasiopasuliwa na 101 katika waliopasuliwa. Basi anayerudisha kilo chache asikimbie kliniki kwa aibu, maana wengi huacha kwenda kupimwa wakati ule ule wanaohitaji kuonwa.

Lakini lililomwumiza dada yetu kuliko kisu ni maneno. Tangu mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alipotambuliwa Kenya mwaka 1984, mitaa yetu imejizoeza kusoma miili ya watu. Jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa ule kwa jina la wembamba. Hivyo aliposhuka kilo thelathini, walioketi nyuma yake kanisani hawakumwuliza, waliulizana. Mmoja akaacha kumpa mkono wakati wa amani. Naye hakutaka kutangaza habari za tumbo lake ili kujisafisha, kana kwamba mwenye ukimwi ndiye mchafu! Kwa hilo tuliomba radhi mbele ya kusanyiko bila kumtaja, kwake na kwa wengine waliowahi kusomwa hivyo hivyo.

Mmetuuliza kwa barua juu ya kufunga wakati wa Kwaresima. Aliyepasuliwa asifunge chakula wala maji bila shauri la daktari. Aache kitu kingine, na hakuna atakayemdai. Juu ya kikombe cha Ushirika Mtakatifu, funda dogo lile halitamdhuru, ila kama alikuwa mtumwa wa pombe na amwambie kasisi wake, apokee mkate peke yake.

Dada yetu sasa yu katika mwaka wa pili. Hupanda ngazi za ghorofa ya nne bila kusimama, na makanga hawamwambii tena alipie viti viwili. Tulikwenda kwake mara ya pili, bila chapati. Alitupikia yeye, tukala tulivyoweza, naye akala alivyoweza, akamaliza baada yetu sote kwa kuwa hutafuna polepole.

Katika kabati ya vyombo vya kanisa akina mama wametenga visahani sita vya vikombe vya chai, wanaviweka mwanzo wa meza kila palipo na karamu, ili mwenye kukitaka ajichukulie bila kueleza. Kwenye harusi ya juzi mzee mmoja wetu aliviona akauliza kama ni vya watoto. Wakamwambia la. Akatazama foleni, akatazama tumbo lake, akachukua kimoja.