Hewa, Mlima na Lita ya Dizeli: Kubana Matumizi ya Mafuta katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Nchi yetu ina gesi asilia huko Songo Songo na Mnazi Bay, lakini haina kisima kinachotoa mafuta ya petroli. Kila lita ya dizeli inayochomwa Tanzania imeagizwa kutoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Lita itakayotumika Sumbawanga hushushwa bandarini, kisha husafirishwa kwa barabara zaidi ya kilometa 1,100 kupitia Mbeya na Tunduma, na lori linaloibeba nalo hunywa dizeli njia nzima. Ndiyo maana bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi huwa juu zaidi Sumbawanga kuliko Dar es Salaam.

Kwa mkoa wa Rukwa jambo hili si dogo. Katikati ya miaka ya 1970, Serikali ilipoweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, Rukwa iliingia katika kundi la mikoa minne mikubwa ya nafaka, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Udongo na mvua vilikuwapo. Gharama kubwa ilikuwa kuyafikisha mahindi yale kwa mlaji wa mbali. Hadi leo, sehemu ya bei ya kila gunia linaloondoka Ufipa ni bei ya dizeli.

Katika makala haya tutaeleza namna ya kupata kazi kubwa iwezekanavyo kutoka katika lita moja ya dizeli. Hatutatoa orodha ya amri za kukariri. Mtu akifahamu mambo mawili, yaani hewa inayoingia katika injini na uzito unaopandishwa mlimani, kanuni nyingine zote atazigundua mwenyewe.

Moto usio na cheche

Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuonyesha injini yake huko Augsburg mwaka 1897. Injini hiyo iligeuza kuwa kazi kiasi cha asilimia 26 ya nishati ya mafuta, na hakuna injini ya mvuke ya siku zile iliyoikaribia.

Siri yake ni mgandamizo. Pistoni huvuta hewa tupu na kuigandamiza mpaka ujazo wake ubaki sehemu moja kati ya 16 hadi 22. Hewa iliyobanwa kiasi hicho hupata halijoto ya zaidi ya sentigredi 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kwa matone madogo sana, nayo hushika moto bila cheche yoyote.

Tofauti na injini ya petroli, injini ya dizeli haipunguzi hewa dereva anapotaka mwendo mdogo. Kila pistoni inapovuta, silinda hujazwa hewa yote inayoweza kupatikana. Mguu wa dereva huamuru kiasi cha dizeli tu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuomba dizeli nyingi kuliko hewa iliyomo. Wingi wa dizeli huamuliwa na dereva, bali wingi wa hewa huamuliwa na mahali alipo.

Hewa ya Ufipa ni haba

Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote. Lita moja ina uzito wa gramu 840 hivi. Basi inahitaji kilo 12 za hewa na ushei. Pwani, kiasi hicho hujaza meta za ujazo 10 na nusu.

Mji wa Sumbawanga uko yapata meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni karibu asilimia 80 tu ya ile ya pwani. Baridi ya Ufipa hurudisha sehemu ndogo ya kilichopotea, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, lakini bado silinda ileile hupata oksijeni pungufu kwa moja ya sita hivi. Lita ile ya dizeli sasa yataka meta za ujazo 12 na nusu.

Chukua injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoenea sana katika Land Cruiser za kazi. Ina silinda 6, ujazo wa lita 4.2, na haina kifaa cha kusukumia hewa. Ikifika Sumbawanga hupumua kama injini ya lita 3.5 iliyoko Dar es Salaam. Ikiwa pampu yake imerekebishwa pwani ili itoe dizeli nyingi, na dereva akakanyaga mpaka mwisho, dizeli inayozidi haitampa nguvu. Itageuka masizi na kutoka nyuma kama moshi mweusi. Moshi huo ni fedha yake inayopeperuka.

Wazee wa Ufipa waliijua kanuni hii kabla ya dizeli kugunduliwa. Wayeyushaji wa chuma wa Kifipa walijenga malungu, yaani matanuru marefu ya udongo yenye kimo cha meta 3 hivi, yaliyojivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Hatua ya pili ilifanyika katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, ambalo hewa yake ilisukumwa kwa mivukuto. Fundi hakuweza kuongeza joto kwa kurundika makaa tu. Ilibidi hewa iende sawa na makaa.

Injini ya kawaida ni kama lilungu: hupata hewa inayoweza kujivutia. Injini yenye tabo ni kama kintengwe. Tabo ni kipepeo kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho husukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hivyo gari lenye tabo huathirika kidogo kwa mwinuko. Magari ya kisasa yana pia vipimo vya umeme vinavyopima hewa na kupunguza dizeli ipasavyo. Lakini gari lenye pampu ya zamani linalofanya kazi Ufipa daima lipimwe na fundi wa pampu kwa kuzingatia mwinuko wa huku.

Kupanda kutoka Bonde la Rukwa

Barabara ya Muze huteremka kutoka uwanda wa juu hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambalo uso wake uko meta 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Tofauti ya kimo ni kama meta 1,000. Hebu tukokotoe.

Gari la tani 2 likipanda meta 1,000, kazi dhidi ya uzito wake ni kilo 2,000 mara 9.8 mara 1,000, yaani megajouli 19.6. Lita moja ya dizeli ina megajouli 36 hivi. Tukichukua kwamba injini hugeuza asilimia 30 kuwa kazi, kila lita hutupa megajouli 10.8. Basi mlima peke yake hudai lita 1.8. Hakuna ustadi wa dereva utakaopunguza deni hilo, ila kupunguza mzigo: kila kilo 100 zisizo na kazi garini hugharimu karibu moja ya kumi ya lita katika mpando huo. Lori lenye uzito wa tani 30 pamoja na shehena yake litadaiwa lita 20 hadi 27, kulingana na ubora wa injini.

Anachoweza dereva ni kutolipa zaidi ya deni. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na mzunguko wa wastani na mzigo wa kutosha. Gia kubwa mno huichosha: mzunguko huanguka, dereva hukanyaga zaidi, moshi mweusi hutoka. Gia ndogo mno huifanya ipige kelele na kupoteza nishati kwa msuguano wake yenyewe. Basi atazame kioo cha nyuma. Moshi mweusi ukianza, ainue mguu kidogo. Mwendo ukizidi kushuka, ateremshe gia mapema.

Kushuka: akiba ya uongo

Hapa pana jambo ambalo kila kijana anayetaka kuendesha gari inampasa alifahamu. Wako madereva wanaoweka nyutro wanapoteremka mlima, wengine hata kuzima injini, wakiamini kuwa wanaokoa mafuta. Imani hiyo ni potofu kwa hesabu na ni ya hatari kwa uhai.

Gari likiwa katika gia na mguu ukiwa umeondolewa kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Pampu huona kwamba mzunguko umezidi ule wa kusimama, nayo hukata dizeli. Matumizi huwa sifuri. Gari likiwa katika nyutro, injini lazima ijizungushe yenyewe, nayo hunywa dizeli kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa saa. Anayeteremka kwa nyutro hutumia mafuta zaidi kuliko anayeteremka kwa gia.

Tena, zile megajouli 19.6 zilizowekwa mlimani sharti ziende mahali fulani wakati wa kushuka. Nishati hiyo yatosha kuchemsha lita 58 za maji, karibu madebe matatu. Dereva aliye katika gia ndogo huigawa kati ya injini, hewa na matairi. Aliye katika nyutro huitupia breki karibu yote. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, na katika kona za mteremko hakuna nafasi ya kujaribu mara ya pili. Aliyezima injini amepoteza pia msaada wa breki na wa usukani, kwa kuwa vyote viwili hutegemea injini. Ushauri ni mfupi: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia.

Mwendo wa tambarare

Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilometa zipatazo 224, iliwekwa lami katika mpango wa 2008 hadi 2013 uliogharimiwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto la Milenia. Lami nzuri hupunguza ukinzani wa magurudumu, lakini pia humshawishi dereva kukimbia, na ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka kilometa 80 kwa saa hadi 100, mwendo huongezeka kwa robo, bali ukinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Kwa gari letu la tani 2 lenye umbo la pikapu, kwenye tambarare isiyo na upepo, hesabu hutoa lita 5.3 kwa kilometa 100 katika mwendo wa 80, na lita 7 katika mwendo wa 100. Safari nzima ya Tunduma ingetofautiana kwa karibu lita 4. Aliyekimbia angefika dakika 34 mapema. Kila mtu na apime kama dakika hizo zastahili bei hiyo.

Breki nazo zina bei yake. Gari hilo likiwa katika mwendo wa 80 limebeba nishati ya mwendo ya megajouli 0.49, iliyonunuliwa kwa sentimeta za ujazo 46 za dizeli. Ukilisimamisha ghafla mara 20, karibu lita nzima imekuwa joto la breki. Dereva mwema hutazama mbali, huona mbuzi au tuta mapema, huondoa mguu na kuliacha gari lipungue lenyewe likiwa katika gia.

Matunzo yanayolipa

Kwanza ni chujio la hewa. Mahali ambapo hewa tayari ni haba, chujio lililojaa vumbi la kiangazi huongeza uhaba. Pili ni matairi: yapimwe asubuhi yakiwa baridi, maana tairi lililojazwa katika joto la bonde hupungua kanieneo likilala katika baridi ya Sumbawanga. Tatu ni usafi wa dizeli. Iliyotoka kwenye mapipa huweza kuwa na maji na uchafu unaoharibu nozeli, na nozeli iliyoharibika hudondosha matone makubwa yasiyoungua vyema. Nne, asubuhi za Juni na Julai, usiiache injini ikinguruma kwa muda mrefu ili ipate joto. Ondoka polepole, nayo itapata joto kwa haraka zaidi ikiwa kazini.

Kazi kwa wanafunzi

Mwombeni dereva wa gari la shule au la jirani ajaze tangi mpaka juu, aandike kilometa, na ajaze tena baada ya safari. Lita alizoongeza, mgawanyo wa kilometa, zitatoa matumizi halisi. Rudieni kwa majuma kadhaa, mchore grafu, kisha mlinganishe safari za kupanda na za tambarare, za mwendo wa pole na za haraka. Mkiona tofauti na hesabu zilizomo humu, jadilini sababu: upepo, kokoto, mzigo, au ubora wa injini.

Somo la nishati hufundishwa kwa vitoroli na vipande vya mbao mezani. Huku Ufipa, maabara ya somo hilo ni mlima wenyewe, na kila gari linalopanda kutoka Muze linafanya jaribio. Anayejua kusoma moshi wake ataokoa fedha. Anayejua kushuka kwa gia ataokoa na maisha ya abiria wake.