Umeshinda mara 9, lakini umeshinda nani?

Siku ya posho iliyopita, mutoto wangu wa pili alirudi nyumbani na jezi imelowa jasho, uso umekunjana. Ekipe yao ya basiketi haikuchaguliwa kwenda kwenye mashindano ya shule. Walishinda mechi 6 juu ya 10. Ekipe ingine ilishinda 9, njo ile iliyochaguliwa. Akaniuliza: "Papa, beye balicheza na nani?"

Nikanyamaza kwanza. Ile ulizo ninaijua tangu zamani, toka kule chini kwenye mine. Kuna fasi nilifanya kazi, ekipe moja ilipewa mwamba laini, ingine mwamba mgumu wenye maji. Mwisho wa mwezi shefu alihesabu tani tu. Wa mwamba laini wakapata primi, wengine wakaitwa wavivu. Sendika iliomba jambo moja: mbele ya kuhesabu tani, muangalie jiwe.

Basiketi ya watoto ni vile vile. Mu shampiona hakuna shida sana, maana wote wanakutana na wote. Shida iko kwenye mechi za inje, zile ambazo kila shule inajitafutia yenyewe. Mwalimu mujanja anaalika ekipe dhaifu za kartie, anajaza ushindi. Mwingine anapandisha watoto mu bisi mpaka Likasi, karibu kilometa 120, wanapigwa, wanarudi usiku na njaa. Kwenye karatasi wa kwanza anaonekana simba.

Kule Marekani walipambana na hii mambo zamani. Kwa ekipe za universite walitumia hesabu moja tangu 1981 mpaka 2018, waliiita RPI. Robo ya alama ni ushindi wako mwenyewe. Nusu ni ushindi wa wale uliocheza nao. Robo ya mwisho ni ushindi wa wale waliocheza na wapinzani wako.

Tuifanye na kalamu. Tuseme shule ya kwanza imeshinda 90 juu ya 100, lakini wapinzani wake wanashinda 30 tu. Shule ya pili imeshinda 60, wapinzani wake wanashinda 70. Ile robo ya mwisho tuweke 50 kwa wote wawili. Ya kwanza inapata 22,5 na 15 na 12,5: jumla 50. Ya pili inapata 15 na 35 na 12,5: jumla 62,5. Munaona? Mwenye kushindwa mara mingi amepita mbele.

Haikukosa kilema. Ukimpiga mudogo, alama yako inaweza kushuka hata kama umeshinda, basi wakubwa wanakimbia wadogo. Na shule isiyo na franka za bisi itapata wapi wapinzani wa nguvu? Hapo hesabu haisaidii mutu.

Lakini kucheza na wa nguvu kunalipa. Bismack Biyombo, mutoto wa hapa Lubumbashi, aliyezaliwa 1992, angebaki kupiga majirani tu, nani angemujua? Mu Aprili 2011, kule Portland, alicheza na ekipe ya dunia juu ya vijana bora wa shule za sekondari za Marekani. Alifunga pointi 12, akakamata ribaundi 11, akazuia mipira 10. Ekipe yake ilipoteza. Miezi miwili nyuma yake alichaguliwa wa 7 kuingia NBA.

Na Mazembe je? Mu Desemba 2010, kule Abu Dhabi, ilipiga Internacional ya Brazili 2-0, ikafika finale ya dunia. Ushindi mingi wa hapa nyumbani haukuambia watu wa Ulaya kitu, ile mechi moja iliwaambia. (Hata sisi wa Lupopo tulipiga kelele ile siku, tusidanganyane.)

Juma hii wazazi tutaonana na kamati. Nimechora karatasi: mechi 10 za watoto, na pembeni ya kila mupinzani, alishinda ngapi. Nimekosa bado mbili. Mutoto anasema ile ya Likasi walipoteza kwa pointi 4, lakini mwalimu hakumbuki wale wa Likasi walikuwa wamepiga nani.