LUGHA, USALAMA NA USTAWI WA MWANAFUNZI WA AFYA: MFANO WA ERINGETI

1.0 Utangulizi

Mazungumzo kuhusu kufaulu na kushindwa kwa wanafunzi wa sayansi za afya huelekea mara nyingi kwenye mambo matatu: bidii ya mwanafunzi, uwezo wa mzazi na vifaa vya chuo. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, lipo la nne ambalo halitajwi sana, nalo ni lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Eringeti, kwamba lugha huunganisha masomo ya mwanafunzi na ustawi wake, na kwamba kati ya mambo yanayomwelemea, hilo ndilo chuo kinaloweza kuanza kulirekebisha bila kungoja amani wala fedha nyingi.

Eringeti iko yapata kilomita 60 kaskazini mwa Beni, kwenye barabara iendayo Komanda na Bunia, karibu na mpaka wa mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri. Humo huishi Wanande, Wambuba, Wambuti na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kanisani na hospitalini. Kijana wa hapo anayetaka kuwa muuguzi, mkunga au daktari huifuata elimu hiyo Oicha, Beni, au hata Butembo, ambako Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mwaka 1989.

2.0 Usalama na riziki

Njia ya masomo hayo si salama. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limepatwa na mfululizo wa mauaji ya raia, ambayo kwa sehemu kubwa yamehusishwa na waasi wa ADF. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo wagonjwa waliolazwa. Kabla ya hapo, mwezi Septemba 2002, hospitali ya Nyankunde huko Ituri, iliyokuwa pia mahali pa kufunzia wauguzi, ilivamiwa na mamia ya watu wakauawa. Walionusurika walitembea kwa miguu siku nyingi kuelekea Oicha. Kwa hiyo mwanafunzi wa sehemu hizi anajua kwamba hospitali, mahali anapojifunzia na atakapofanyia kazi, si kimbilio la hakika.

Usalama hugusa pia mfuko wa mzazi. Familia nyingi za Eringeti hutegemea mashamba, hususan ya kakao. Shamba lisipofikika kwa sababu ya mashambulizi, zao huozea mtini au huvunwa na wengine, na ada ya chuo hukosekana. Mwanafunzi aliye Butembo husoma huku akisubiri habari mbili kutoka nyumbani: kama wazima, na kama fedha imepatikana.

3.0 Lugha ya darasa na lugha ya wodi

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006, Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Katika elimu ya juu, mwanafunzi hufundishwa na hutahiniwa kwa Kifaransa. Anapoingia wodini, mgonjwa humweleza hali yake kwa Kiswahili au Kinande. Tofauti ya namna hii haiko Kongo peke yake: Dar es Salaam, wanafunzi wa Muhimbili husoma kwa Kiingereza na kuhudumia wagonjwa wanaosema Kiswahili.

Lakini kwa mwanafunzi wa Beni mgawanyiko ni wa namna tatu, kwani hata Kiswahili cha vitabu sicho cha mgonjwa. Mgonjwa hasemi “tumbo linaniuma” bali “tumbo inaniluma”, na anayemtibu humwita “munganga”. Tofauti hizo za kisarufi hazimzuii mtu kuelewa. Ugumu upo kwenye maana. Mgonjwa anayesema roho inamchafuka huenda anataka kutapika. Anayesema roho inamuuma huenda ana huzuni au kinyongo, na mwingine huweza kulitumia neno hilo hilo kwa kifua au moyo wenyewe. Mwanafunzi aliyezikariri dalili kwa Kifaransa bila kufunzwa kuzichambua katika usemi wa wenyeji huweza kufaulu mtihani na kushindwa kumhoji mgonjwa. Kushindwa huko humtia aibu mbele ya wakubwa wake, naye huanza kuitilia shaka akili yake, ilhali kilichopungua ni mafunzo.

4.0 Funzo la Ebola

Athari za pengo hilo zilionekana wazi wakati wa Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa na wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Wahudumu wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilichunguza mawasiliano huko Goma na Beni, likaona kwamba maneno mengi ya Kifaransa na ya Kiswahili Sanifu hayakueleweka vizuri, na kwamba watu walitaka maelezo kamili katika lugha yao.

Mifano miwili inatosha. Neno “mshukiwa” katika Kiswahili huhusu uhalifu. Kuiambia familia kwamba mtoto wao ni mshukiwa wa Ebola ni kama kumshtaki. Vilevile “kutengwa”, katika makanisa mengi ya Kiprotestanti, ni adhabu ya mtu aliyekosa. Mhudumu aliyesema mgonjwa “atatengwa” alitaja kinga, na msikilizaji aliweza kusikia hukumu. Haitakuwa sahihi kudai kwamba maneno peke yake yalileta uhasama wa wakati ule, kwa maana siasa na vita vilikuwamo. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Hata hivyo, pale ambapo imani ni haba, neno baya huipunguza zaidi, na anayetumwa kulitamka mara nyingi ni muuguzi kijana au mwanafunzi.

5.0 Lugha ya kusemea maumivu yake

Mwanafunzi huyo naye ana maumivu. Darasani hufundishwa istilahi za magonjwa ya akili kwa Kifaransa. Anapozidiwa yeye mwenyewe, husema tu “niko na mawazo mingi”. Wenzake hulisikia kama neno la kila siku na kumjibu ajikaze. Maneno yapo: kihoro, kiwewe, msongo wa mawazo. Lakini hayajafundishwa kama maneno ya kitaaluma, wala hayajalinganishwa na usemi wa nyumbani. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ila wapo wasioficha kwa hiari, bali hukosa msikilizaji anayeelewa kwamba “mawazo” ni dalili.

6.0 Hitimisho

Chuo hakiwezi kuifungua barabara ya Eringeti wala kuyalinda mashamba ya kakao. Kinachoweza ni kuwakutanisha walimu wa tiba na walimu wa Kiswahili ili wakusanye maneno ya maradhi yanayotumika Beni na Butembo, pamoja na Kinande. Kumtaka kila mwanafunzi amweleze mgonjwa ugonjwa wake kwa Kiswahili kabla ya kuhitimu, na kutahiniwa kwa hilo. Na kuweka saa za mazungumzo kwa Kiswahili baada ya mafunzo ya wodini, ambamo kifo kilichoshuhudiwa kinaweza kuzungumzwa. Kazi hiyo inahitaji madaftari, walimu wenye subira na ratiba. Kwa Idara za Kiswahili, ambazo mara nyingi huulizwa zina faida gani, hapa pana kazi inayohusu uhai wa watu, na mahali pa kuianzia ni kumsikiliza mgonjwa wa Eringeti anavyosema.