Hotuba Nzuri Hujibu Swali la Msikilizaji

Kwenye mahafali, harusi au uzinduzi wa mradi, hotuba inayochosha tunaijua sura yake. Mzungumzaji anapokea kipaza sauti, anataja waheshimiwa mmoja mmoja kuanzia mkuu wa wilaya hadi mwenyekiti wa mtaa, anasema itifaki imezingatiwa kisha anaanza kuizingatia upya, halafu anainamia karatasi na kusoma kurasa kumi na mbili bila kuinua macho. Kufikia ukurasa wa tatu, watu wameshatoa simu mfukoni. Tukitoka hapo tunasema hana kipaji, au sauti yake haina mvuto. Hukumu hiyo inamwonea. Kilichomwangusha ni kwamba alipokuwa akiandaa hotuba hakujiuliza waliokuja wanataka kujua nini. Msemaji anayeteka watu ni yule anayelijua swali walilokuja nalo vichwani, akalijibu kwa namna ambayo sikio linaweza kulibeba jibu hilo.

Chukua hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kuvamia Kagera. Mzazi mwenye kijana wa kwenda vitani hakuwa na haja ya kusomewa historia ya mipaka siku ile. Alitaka kujua kama kuna sababu ya kumwaga damu, kama tutaweza, na kama viongozi wamedhamiria kweli au wataishia njiani. Mwalimu akasema kazi ni moja tu, kumpiga Amin, na kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo na nia ipo. Kila jibu lilikaa juu ya swali lake, wala hapakuwa na neno hata moja la kumtuma mtu kwenye kamusi. Ndiyo maana hata Watanzania waliozaliwa miaka mingi baadaye wanaweza kukutajia yale matatu. Tena hayakuwa maneno matupu: ardhi ilikuwa imevamiwa kweli, na Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Jibu zuri nalo hupotea lisipopangwa kwa ajili ya sikio. Msomaji akipotea hurudi nyuma mistari miwili. Msikilizaji akipotea ameachwa. Kwa hiyo hotuba huhitaji sentensi fupi, hoja chache, na jambo kuu kurudiwa bila aibu. Wasimulizi wa pwani waliijua kanuni hii zamani: mtu aliita “Paukwa!” na hakuendelea mpaka ajibiwe “Pakawa!”, maana hadithi isiyo na wa kuipokea haina pa kwenda. Wala urefu hauongezi uzito. Tarehe 19 Novemba 1863, huko Gettysburg, Marekani, Edward Everett, mmoja wa wasemaji waliosifika sana nchini mwake, alihutubia kwa takriban saa mbili. Rais Abraham Lincoln akafuata kwa dakika mbili hivi, maneno yasiyofika 300. Kesho yake Everett alimwandikia Lincoln kukiri kwamba angefurahi kama kwa saa zake mbili angekuwa amekikaribia kiini cha shughuli ile jinsi Lincoln alivyokifikia kwa dakika mbili. Leo hotuba inayokumbukwa ni ile fupi.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye kipaji, na asiyezaliwa nacho ajikalie. Kipaji kipo, ila kinasifiwa kwa kazi ambayo si yake. Martin Luther King, mpigania haki za Wamarekani weusi, alipohutubia Washington tarehe 28 Agosti 1963, mwimbaji Mahalia Jackson alimpigia kelele awaeleze watu kuhusu ndoto yake, naye akaiacha karatasi akaendelea kwa moyo. Ukiishia hapo utadhani ni muujiza. Lakini maneno ya ndoto alikuwa ameshayasema Detroit mwezi Juni mwaka huohuo, na nyuma yake kulikuwa na miaka ya kuhubiri kila Jumapili. Nyerere naye alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya kuwa mwanasiasa, na darasa halina huruma: wanafunzi wasipoelewa, nyuso zao zinakwambia papo hapo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ufasaha ni silaha ya walaghai. Nyerere mwenyewe alilijua hilo kwa karibu, kwa kuwa mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Humo Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anawaeleza Warumi kwa hoja kavu kwa nini wamemuua, nao wanamshangilia. Kisha anaondoka. Antony, rafiki wa Caesar, anabaki na maiti, anawaonyesha vazi lililotobolewa kwa visu, anawasomea wosia unaomwachia kila raia fedha, na umati uleule unakwenda kuchoma nyumba za wauaji. Ni kweli, basi, kwamba hadhira huweza kuchezewa. Lakini kumnyima mkweli ufundi hakumpunguzii mwongo chochote, kunamwachia jukwaa. Kosa la Brutus lilikuwa kudhani kwamba kuwa na hoja kunatosha, akasahau kwamba watu walikuwa na majonzi yanayohitaji kujibiwa pia. Kinga yetu ni wasemaji wakweli wanaojua kusema, na wasikilizaji wanaodai ushahidi baada ya kupiga makofi.

Kwa hiyo ukiombwa kusema neno, iwe msibani, kwenye kikao cha shule au mkutano wa kijiji, usianze na karatasi. Anza kwa kuandika swali moja ambalo waliokuja wanalo, kisha jibu lake kwa sentensi moja. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado huna hotuba. Ukiiweza, salimu kwa kifupi, iseme mapema ukiwatazama watu, itetee kwa mifano wanayoijua, irudie, kisha keti.